Vidole Vitatu vya Usukani

Jamani, mkasa huu nimeukalia miaka minne, na ningeendelea kuukalia kama watu wa Kasansa wasingeanza kuusimulia wenyewe na kuutia chumvi, maana juzi tu nimemsikia mtu sokoni hapa Mpanda anasema eti niliingia ukweni nimesimama juu ya siti ya pikipiki nikipunga mkono (uongo mtupu, nilikuwa nimekaa, tena nimekaa vizuri mno, na kukaa vizuri ndiko kulikoniponza). Kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe mhusika. Aibu naiona, sikatai, na mpaka leo nikisikia honi imebanwa bila kuachiwa natafuta pa kujificha, hata kama ni ya lori na haina habari na mimi.

Naitwa Nestori, ni fundi wa sola, nakaa mtaa wa Kawajense mjini Mpanda ila kwetu ni Katumba, kwa wale watu ambao wazazi wao walikuja toka Burundi na sisi tukazaliwa hapa hapa na uraia tukaupata hapa hapa. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kufunga paneli na kurekebisha betri zilizouawa na wenyewe, ndiyo maana nilijinyima mpaka nikanunua pikipiki kubwa ya safari, ile yenye tanki pana, kioo cha kuzuia upepo mbele na masanduku mawili pembeni, kwa jamaa mmoja wa Mbeya aliyekuwa amechoka nayo. Pikipiki nzuri, haina neno. Kasoro yake ilikuwa moja: usukani wake wa kiwandani ulikuwa mfupi na umekaa mbali, na mimi mikono yangu haikujaliwa urefu, kwa hiyo nikiendesha nainama mbele mpaka kidevu kinasalimiana na tanki.

Ningeweza kuishi hivyo hivyo. Lakini siku moja nilimpa lifti Minza, mchumba wangu wakati huo, na tuliposhuka akanitazama akacheka, akasema, "Nesta, ukiwa juu ya hii kitu unaonekana kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha." Nilicheka naye, ila lile neno halikutoka. Maana Minza si binti wa mtu hivi hivi, ni binti wa Mzee Lushinge wa Kasansa, Msukuma aliyehamia Mpimbwe na ng'ombe wengi na maneno machache, na huyo mzee alikuwa ameshamuuliza binti yake swali moja tu juu yangu, nalo lilikuwa, "Hao watu wa Katumba, ng'ombe wao wanalisha wapi?" Ng'ombe sina. Hata mbuzi sina. Nina pikipiki na spana. Na mwezi uliokuwa unakuja nilitakiwa kupeleka barua ya posa, na kwa jinsi Minza alivyonieleza, baba yake akikataa barua siku ya kwanza haipokei tena maisha, hata umrudie na kwaya. Nilimpenda yule binti jamani, nampenda mpaka sasa, na niliapa sitaingia kwao nimeinama kama mtu anayekuja kuomba chumvi.

Nikaagiza usukani. Niliuona kwenye simu, mrefu, wa kung'aa, umepanda juu kisha ukarudi nyuma kumfuata dereva mikononi, yaani unakaa wima kama bwana mkubwa na mikono inakuja yenyewe. Ukafika na basi umefungwa kwenye boksi. Nikaupeleka Majengo kwa Fundi Sadala, mtu mzima, ambaye tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akisema neno la kumfurahisha mteja, ila pikipiki ikitoka mikononi kwake imetoka.

Sadala aliufunga siku nzima. Mimi nilikuwa pembeni nikimsaidia upande wa nyaya za taa na honi (mimi si ndiyo mtu wa umeme bwana, nikaziunga kwa mkono wangu mwenyewe, kumbukeni hilo). Alipomaliza akasimama, akafuta mikono, akaniambia, "Fundi sola, sikiliza. Huu usukani ni mrefu, na waya wa mafuta na wa klachi ni zile zile za zamani. Nimeulaza uje kwako, hapo zimefika ila hazina akiba. Waya ndefu zinakuja Jumanne. Mpaka Jumanne usiuguse."

Nikasema sawa.

"Halafu kabla hujaenda popote, washa injini, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, geuza kulia mpaka mwisho, usikilize. Resi ikipanda yenyewe, usiende."

Nikasema sawa tena, kwa sauti ile ya mtu ambaye naye ni fundi na haambiwi mambo ya kitoto.

Ilikuwa Ijumaa, na safari ya ukweni ilikuwa Jumamosi, kesho yake. Jioni nikaiegesha pikipiki mbele ya dirisha la mwenye nyumba wangu, ambalo lina kioo cheusi kinachoonyesha mtu vizuri kuliko kioo changu cha chumbani, nikapanda, nikajitazama. Sikuwa nimeinama tena, hilo kweli, lakini usukani ulikuwa umelala mapajani na mikono yangu imekaa kama ya mama anayepepeta mchele. Nikasema hapana. Nikaingia ndani nikatoka na spana, nikalegeza zile nati nne, nikaunyanyua. Kidogo tu. Nilipima kwa mkono, vidole vitatu. Mtu mwenye akili timamu vidole vitatu anaona ni nini? Nikakaza, nikapanda, nikajitazama kwenye dirisha, na huyo niliyemwona humo dirishani alikuwa mkwe wa kumpa hata mabinti wawili.

Kweli, mikono ya klachi na breki nayo ilikuwa imezunguka na usukani, sasa inaelekea chini, mpaka uvunje kiganja ndiyo uifikie. Nikasema nitazoea. Kugeuza kushoto na kulia nikasahau, au tuseme ukweli, sikusahau, niliogopa nitakachosikia.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Filipo, mdogo wake marehemu baba. Huyu ni mzee wa kanisa kule Katumba, na ninyi hamumjui kwa hiyo niwaambie tu kwamba hasemi uongo, na simaanishi kwamba hasemi uongo kama watu wengine wanavyosema hawasemi. Huyu aliwahi kurudi dukani kwa miguu, kilomita mbili, kumwambia mwenye duka kuwa alipomjibu "sijambo" asubuhi hakusema kweli kwa sababu jino lilikuwa linamuuma. Nikamchukua yeye makusudi, nikijua kwamba Mzee Lushinge akimwona ataona watu wa Katumba ni watu wa namna gani. Akaja amevaa suti yake ya kahawia, barua ya posa ameiweka mfuko wa ndani, akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtungi.

Wakati natoka kichochoroni nikakata kushoto, na honi ikalia yenyewe. Pii! Fupi tu.

"Umemsalimia nani?" akauliza baba mdogo.

"Inaaga nyumbani," nikamwambia, nikacheka peke yangu.

Barabarani, nyie, raha ilikuwa raha. Lami imenyooka, na kwenye barabara iliyonyooka usukani haugeuki zaidi ya upana wa kidole, kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa sawa, mimi nimekaa wima, kifua mbele, upepo unapita, watu wa Sitalike wanageuka kututazama. Pale Sitalike nilipokuwa naingia kituo cha mafuta nikakata tena kushoto, honi ikalia usoni kwa yule dada wa mafuta na injini ikanguruma yenyewe, akaruka nyuma akasema, "Kaka, una haraka na nani?" Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshuka akatafuta spana. Mimi nikafanya nini? Nikaamua kwamba sitakata kushoto. Ndiyo. Niliamua safari nzima iliyobaki nitakuwa mtu wa kulia na wa moja kwa moja, na nikamwambia baba mdogo pikipiki yenye usukani mpya ina mambo yake mpaka izoee.

Tukapita hifadhini, mbung'o wakatutafuna (wanapenda kitu cheusi kinachokwenda, na suti yangu ilikuwa nyeusi, kwa hiyo waliniona mimi kwanza), tukaacha lami tukashika vumbi la Mpimbwe, na kila tulivyozidi kukaribia ndivyo nilivyozidi kuyapitia masharti ya Minza kichwani. Yalikuwa matatu. La kwanza, pikipiki izimwe nje ya ua wa minyaa, mgeni aingie kwa miguu. La pili, salamu iwe ya Kisukuma, mwangaluka, na nianze na baba. La tatu ndilo alilolirudia mara nyingi: mama mkwe haangaliwi. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawashikani mkono, hawali pamoja, na ukimwona anakuja njiani unamgeuzia upande mwingine unapisha mpaka apite. "Mama ni mpole," Minza aliniambia, "ila hilo baba hasamehe."

Nikafika Kasansa saa nne na nusu. Mji wa Mzee Lushinge unauonea mbali, ua wa minyaa, maghala, zizi kubwa upande wa kulia, na katikati uwanja mpana uliofagiliwa mpaka unang'aa. Na kupitia kwenye lango nikaona viti. Mzee Lushinge katikati na fimbo yake, wanaume wa ukoo kama kumi wamemzunguka, wote wanatazama langoni. Jamani. Sasa nizime pikipiki nje ya minyaa? Nani ataiona? Nani atauona ule usukani, na mimi nilivyokaa? Nikajiambia nitaingia kidogo tu, hatua chache, nitakata kona moja ya pole pole ili wauone upande wa kulia wenye eksozi, halafu nizime. Nikageuza shingo nikamwambia baba mdogo, "Ngoja nigeuze waione upande mzuri."

"Upande gani?" akauliza.

Mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo cha pembeni kuona kama vumbi limeniharibu uso. Lilikuwa halijaniharibu. Nikaingia langoni gia ya kwanza, taratibu, nikitabasamu kidogo, na ili upande wa kulia uwaelekee wale wazee ilibidi nikate kushoto.

Nikakata kushoto mpaka mwisho.

Ule waya wa mafuta usiokuwa na akiba ukavutika kama kamba ya kisima, injini ikapiga resi peke yake, honi ikaanza piiiiii na haikuachia, na pikipiki ikaondoka na sisi kwa mzunguko. Nikatafuta klachi, vidole vikashika hewa, maana klachi ilikuwa inaangalia chini huko. Nikatafuta breki, vivyo hivyo. Ungesema si ningenyoosha usukani tu, mafuta yapungue? Leo nikiwa nimekaa hapa najua. Siku ile nilikuwa na mzee wa kanisa aliyenikaba mbavu, ametoa sauti moja tu, "Mana yanje!", yaani Mungu wangu kwa Kirundi, na kadiri anavyonikaba kwa kulalia kushoto ndivyo na mimi ninavyolala kushoto na usukani unavyokaa huko huko.

Na katikati ya ule mzunguko alikuwepo mtu. Mama mmoja, kabeba ungo wa mpunga, alikuwa anavuka toka ghalani kwenda jikoni. Mara ya kwanza nilipita mbele yake sikumtambua, niliona kitenge cha njano tu. Mara ya pili nikaona anajifunika uso kwa kitenge na kunipa mgongo, na hapo ndipo nilipojua ni nani, kwa sababu ni nani hujifunika uso mbele ya mgeni wa posa kama si mama mwenyewe wa binti? Sasa fikirieni: yeye amenipa mgongo kwa heshima, mimi nimezunguka nimetokea upande ule aliouelekea. Akageuka tena. Nikatokea tena. Yule mama wa watu akawa anazunguka pale pale katikati, uso umefunikwa, ungo mkononi, na mimi namzunguka na honi, kuku wanaruka, ng'ombe zizini wanalia, na wanaume wote wameshasimama juu ya viti. Mara tatu. Wanaosema mara tano ni hao hao wa sokoni.

Mara ya tatu tairi la mbele likapanda turubai lililoanikwa mpunga, likateleza, tukalala. Polepole kabisa, hata suti ya baba mdogo haikuchanika. Injini ikazima. Honi haikuzima. Ikaendelea piiiiii pale chini, uwanja mzima honi tu, na mimi fundi wa umeme niliyeunga ule waya kwa mkono wangu nimepiga magoti kwenye mpunga wa mkwe nautafuta siuoni, mpaka nilipouona umebanwa kwenye shingo ya usukani nikaukata kwa meno.

Nikasimama. Mpunga umenijaa mpaka kwenye soksi. Kwa kuchanganyikiwa nikasema la pili kati ya masharti ya Minza, kwa sauti kubwa: "Mwangaluka!" Hakuna aliyeitikia. Yule mama alikuwa ameshakimbilia nyuma ya jikoni, na mlangoni pale nikamwona Minza ameziba mdomo kwa mikono miwili, na nilivyomtazama nilijua kwamba hacheki.

Tukakalishwa. Mzee Lushinge akakwaruza ardhi na fimbo yake, halafu akasema bila kupandisha sauti, "Kijana. Kwetu hapa mgeni anazima chombo chake nje ya minyaa. Wewe umeingia nacho. Umemzunguka mke wangu mara tatu kwa honi, mbele ya ndugu zangu. Miaka yote niliyooa, hata mimi sijawahi kumzunguka hivyo."

Mtu mmoja nyuma akakohoa, nafikiri alikuwa anameza kicheko. Mimi nikafungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba nilitaka muone eksozi? Nikaona Mzee ananyanyuka, amekamata fimbo, anatazama zizini kama mtu aliyekumbuka kazi zake. Barua ilikuwa bado mfukoni kwa baba mdogo. Nikajua akipiga hatua tatu tu, Minza ameondoka.

Hapo ikasikika sauti ya mwanamke toka nyuma ya ukuta wa jikoni, haiongei na sisi, inaongea na hewa, kama inavyotakiwa. "Waambieni hapo nje wasimwonee huyo mtoto. Alikuwa ananipisha. Aliponiona nakuja na ungo akageuza hilo dude lake ili asinitazame. Lingemtii lisingemtii, yeye aligeuka."

 Mzee Lushinge akabaki amesimama. Kisha akamgeukia baba mdogo Filipo, akamwangalia ile suti, ile Biblia ndogo iliyochungulia mfukoni, na akamuuliza taratibu, "Wewe mzee mwenzangu ulikuwa naye juu ya hicho chombo. Ni kweli kijana aligeuka kwa ajili ya heshima?"

Jamani, nyie. Kati ya watu wote wa Katumba, nilikuwa nimemchagua yule aliyerudi dukani kwa sababu ya jino. Na nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu, nusu dakika kabla ya kuingia langoni, kwamba nageuza waone upande mzuri. Nilimtazama baba mdogo na yeye akanitazama, na nikaona kabisa anapima mbingu upande mmoja na mtoto wa kaka yake upande wa pili.

"Ndugu yangu," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa naomba."

Na ilikuwa kweli tupu.

Mzee Lushinge akamtazama. Akatazama pikipiki pale chini na zile pembe zake za kung'aa zimejaa mpunga. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani ni hasira, kumbe mzee anacheka, na alivyoanza yeye ukoo mzima ukalipuka, mtu mmoja akashuka kwenye kiti akalala chini kabisa. Akakaa. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo barua," akasema. "Mtu anayekubali kuanguka na mzigo kama ule ili ampishe mama mkwe, huyo hata bila ng'ombe amelelewa. Ila siku ya kurudi njoo na usukani wa zamani. Hizi pembe utaniachia mimi."

Nikarudi Mpanda usukani nimeushusha vidole vitatu kwa spana ya kuazima, na toka Kasansa mpaka Kawajense baba mdogo hakusema neno, mpaka aliposhuka, akajikung'uta, akaniambia, "Nestori, mimi na wewe na Mungu tunajua." Tangu siku hiyo kwangu anakuja kwa basi. Fundi Sadala nilimpelekea usukani wa kiwandani aurudishe, bila maelezo, naye hakuuliza, alitazama tu punje moja ya mpunga iliyobaki kwenye mfuniko wa taa, akaitoa kwa ncha ya bisibisi, akaiweka kwenye kiganja changu.

Tukaoana. Na kumbe adhabu yangu ilikuwa bado. Kila msimu mama mkwe alikuwa ananitumia mchele kupitia kwa Minza, na kila mara na salamu ile ile, "Mpe mkwe wangu mwenye heshima," na mimi naupokea ule mchele na kila tonge linapita kooni kwa shida, kwa sababu naula kwa uongo. Miaka mitatu nimekula hivyo. Nilifika mahali nikaapa nitasema, potelea mbali.

Mwaka jana wakati wa kuvuna tukaenda Kasansa, na mtoto wetu mgongoni kwa mama yake. Ule usukani upo, Mzee kaupigilia juu ya lango la zizi, wanauning'inizia vibuyu vya maziwa, na wageni wote huonyeshwa. Mchana nikamvuta Minza pembeni nikamwambia yote, eksozi, kioo cha pembeni, uso wangu, yote. Nikamwambia nenda kamwambie mama yako ukweli, mimi mwenyewe siwezi kwenda mbele yake. Minza akaenda jikoni. Nikakaa nje nasubiri hukumu, nasikia minong'ono, kisha kimya, kisha wanawake wawili wanacheka mpaka sufuria zinaanguka.

Akarudi anafuta machozi. "Mama anasema hukumpa habari mpya. Anasema siku ile ulikuwa unajitazama kwenye kioo, hata yeye hukumwona mpaka raundi ya pili."

"Sasa mbona alisema..."

"Baba alikuwa ameshachukua fimbo. Akiondoka harudi, mama anamjua. Na mimi nilikuwa nalia pale chini karibu na mafiga. Mama akaniangalia, akasema, ngoja nimtafutie huyu mjinga heshima." Akanipangusa vumbi begani. "Akaitafuta, akaipata."

 Nilitaka niende nikampigie magoti, na ndilo jambo pekee ambalo siruhusiwi kulifanya. Nimeapa tu, na ninyi mnisikie: sitagusa tena nati ambayo fundi ameikaza, sitaondoka nyumbani bila kugeuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho na kusikiliza, hata kama naenda kununua vocha.

Jioni ile nilikuwa natoka kisimani kwa miguu nikaona kwa mbali kitenge cha njano kinakuja, ndoo kichwani. Mara hii nilimwona mimi kwanza. Nikatoka njiani mapema kabisa, nikaingia kwenye majani, nikampa mgongo, nikainamisha kichwa kuliko nilivyowahi kuinama kwenye usukani wowote, nikasimama hivyo nikisikiliza hatua zake zinakuja, zinafika, zinapita nyuma yangu. Hakusimama. Hakunisemesha. Ila alipokuwa sawa na mgongo wangu nilimsikia, kwa sauti ndogo, kama anaiambia ile ndoo yake:

"Piiiiii."